Nani Alijenga? Kauli ya Kutendwa kwenye Vibao vya Njiani

Wiki chache zilizopita niliandikiwa ujumbe na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni afisa mtendaji wa kijiji kimoja kando ya Reli ya Kati, hapa mkoani Dodoma. Alianza kwa adabu aliyofunzwa: "Shikamoo Mwalimu. Kijiji kinataka kusimamisha kibao cha kumbukumbu pale njia panda. Tunaomba utusahihishie Kiswahili kabla fundi hajaanza kuchora." Nilimwitikia marahaba, nikavaa miwani, nikasoma maandishi yenyewe:

"Kijiji hiki kilianzishwa mwaka 1971. Reli ilijengwa zama za Mjerumani. Kisima kilichimbwa. Watu walihamishiwa hapa kutoka maeneo mbalimbali. Shule ilifunguliwa na maendeleo yalipatikana."

Nilitafuta kosa la tahajia, sikuliona. Upatanisho wa kisarufi ulikuwa sawa. Kwa mazoea ya miaka zaidi ya thelathini ya kusahihisha madaftari, mkono ulikwisha kuandaa alama ya vyema. Kisha nikausoma tena ule ujumbe kwa sauti, kama nilivyokuwa nikiwaamuru wanafunzi wafanye, na ndipo nikagundua kilichonikera. Sentensi tano, vitenzi sita, na hakuna hata mtu mmoja aliyefanya jambo. Vitenzi vitano vina kiambishi -w- cha kutendwa. Cha sita, "yalipatikana", kimejificha katika kauli ya kutendeka, kana kwamba maendeleo huota yenyewe baada ya mvua. Watu wametajwa mara moja tu, nao wametajwa kama mizigo: walihamishiwa.

Wanalugha na malenga wenzangu, nimeona niwaletee jambo hili hapa kwa sababu naamini ni letu kuliko lilivyo la mafundi rangi na maofisa. Kibao cha njiani ni maandishi mafupi kuliko ubeti, lakini kina wasomaji wengi kuliko diwani zetu zote. Mtu asiyefungua kitabu toka amalize shule atakisoma akisubiri basi. Mtoto atajifunzia herufi hapo. Kikikosea, kitakosea kwa miaka arobaini, maana chuma hakina chapa ya pili iliyosahihishwa. Maoni yangu ni haya: vibao vingi vya kumbukumbu katika nchi yetu vinawanyima watu wa kawaida historia yao, na vinafanya hivyo kwa kutumia sarufi. Njia ya kuvitengeneza ni kumrudisha mtenda mahali pake, mwanzoni mwa sentensi.

Sina ugomvi na kauli ya kutendwa. Nimeifundisha kwa mapenzi, na najua kazi zake. Tunaitumia pale mtenda asipojulikana, au pale mtendwa anapokuwa ndiye kiini cha habari. Tena Kiswahili kimetupa kiungo kidogo cha kumtaja mtenda hata ndani ya kauli hiyo: daraja lilijengwa na fulani. Tatizo ni kwamba waandishi wa vibao huishia kwenye mwaka. "Ilijengwa mwaka kadha." Tarakimu inashika nafasi ya mtu, na msomaji anaondoka akidhani ameelezwa jambo.

Chukueni hiyo reli yenyewe. Utawala wa Kijerumani ulianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Hayo yamo katika kila kitabu cha kidato cha pili. Lakini utawala haubebi taruma. Aliyebeba taruma za chuma na kupiga sululu katika udongo huu mkavu alikuwa kibarua Mwafrika, na wengi wa vibarua hao walikuwa Wanyamwezi, watu ambao baba zao walikwisha kuivuka nchi hii mara nyingi wakiwa wapagazi wa misafara. Sasa pimeni sentensi mbili. "Reli ilijengwa zama za Mjerumani." Na hii: "Vibarua Waafrika, wengi wao Wanyamwezi, waliijenga reli hii kwa amri ya Wajerumani." Ya pili imezidi maneno machache. Kwa bei ya maneno hayo tumepata wajenzi, tumepata mwenye amri, na msomaji amejua tofauti kati yao.

Nenda Kongwa, upande wa mashariki, uone jinsi neno moja linavyoweza kufunika nchi nzima. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha pale mradi mkubwa wa karanga, ili kuwapatia Waingereza mafuta ya kula baada ya vita. Ilikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka 1951 iliuacha, ikiwa imepoteza pauni takriban milioni 36. Kila mtu huieleza habari hiyo kwa sentensi moja: "Mradi wa karanga ulishindwa." Sikilizeni neno hilo, ninyi mnaopenda mnyambuliko. "Shindwa" ni kauli ya kutendwa ya "shinda". Tumelizoea mno hata tumesahau kuuliza swali lake: ulishindwa na nani?

Jibu lipo, nalo lina watenda. Mvua ya Kongwa, ambayo ni chache na haina ahadi, iliushinda. Udongo wa mfinyanzi, unaokauka ukawa kama saruji, ulivunja majembe ya matrekta. Nyuma ya mvua na udongo wako wapangaji waliopanga shamba wakiwa mbali, bila kuwasikiliza Wagogo ambao toka enzi za mababu walipanda mtama na uwele kwa kuijua tabia ya ardhi hiyo. Ukiandika "ulishindwa" ukaweka nukta, msomaji atadhani nchi yetu ndiyo yenye laana. Ukiwataja watenda, atajua kwamba kosa lilikuwa la wapangaji, na kwamba elimu iliyohitajika ilikuwepo umbali wa jirani. Na baada ya karanga, Kongwa hiyohiyo ilipata watenda wengine. Kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU na MPLA waliweka kambi pale. Mahali palipotajwa kwa kitenzi cha kushindwa ndipo wenzetu walipojifunzia kushinda. Je, si haki kibao kiyaseme yote mawili?

Kuna hatari nyingine, nayo ni ya neno kubadilika maana huku kibao kikibaki palepale. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilipita Ugogo ikielekea Unyanyembe na Ujiji. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na wafanyabiashara wasio na idadi walipita kabla na baada yao. Watemi wa Ugogo waliwatoza hongo kwa kupita na kwa kunywa maji. Wageni waliandika malalamiko mengi kuhusu jambo hilo. Sasa njia ile imo katika orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia, toka mwaka 2006, na Mpwapwa na Kilimatinde ni miongoni mwa vituo vyake. Siku moja vibao vitasimama huko, kama havijasimama tayari, na mwandishi asiye makini ataandika: "Hapa watemi walidai hongo kwa misafara."

Kijana wa leo atasoma nini? Atasoma rushwa. Atadhani watemi wale walikuwa kama yule karani anayekuomba "ya soda" ili faili lako lisipotee. Lakini hongo ya zama zile ilikuwa ushuru wa wazi. Nchi ilikuwa na wenyewe, maji yalikuwa haba, na mwenye kisima aliyachimba kwa jasho. Msafara wa watu mamia ukinywa kwa siku mbili, wanakijiji na ng'ombe wao watakunywa nini mwezi wa Oktoba? Hivyo mwandishi wa kibao anapaswa aandike: "Watemi wa Ugogo waliitoza misafara ushuru wa njia na maji, uliokuwa ukiitwa hongo." Neno la kale linabaki, maana yake inalindwa, na mtemi anarudi kuwa mtawala mwenye haki ya kutoza. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu asiyejua kwamba maneno huhama. Inawahitaji watu kama ninyi.

Nijibu pingamizi mbili ambazo nimekwisha kuzisikia. Ya kwanza husema kibao ni kifupi, watenda hawaenei. Malenga hawezi kuitoa hoja hiyo bila kuona haya. Sisi tunaotia kisa kizima katika mishororo minne yenye mizani kumi na sita kila mmoja, tutasemaje kwamba nafasi haitoshi? Ufupi huwanyima nafasi wale wasioujua. Ya pili ni nzito zaidi. Husema kutaja watu huleta ugomvi: ukimtaja huyu, yule atauliza mbona babu yangu hayumo. Ni kweli, na nimeona mikutano ya kijiji ikikesha kwa jambo dogo kuliko hilo. Lakini ugomvi wa namna hiyo ndio historia yenyewe ikifanya kazi. Watu wakibishana nani alichimba kisima, wazee watasema wanayoyajua kabla hawajaenda nayo kaburini. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kibao kisicho na mtenda humfanya kila mtu asiwepo, kisha tunakisifu kwa kuleta amani.

Hapa nataka nimtaje mtu ambaye angeielewa hoja yangu kuliko wote. Mathias E. Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, na alifariki mwaka 1969. Lugha ya mama yake ilikuwa Cigogo, Kiswahili alijifunza. Mwaka 1954 alichapisha kwa Kiswahili kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, wakati ambapo habari za watu wetu ziliandikwa zaidi na wageni, kwa lugha za wageni. Mwaka 1963 ilitoka diwani yake, na mwaka huohuo utenzi wake wa Enjili. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, akaikuza ngonjera hata wanafunzi wa nchi nzima wakaighani kwenye mabaraza ya shule. Mimi mwenyewe nilisimama mstarini nikiwa na kaptula ya kaki, nikajibizana na mwenzangu kwa ngonjera, bila kujua kwamba aliyeieneza alikuwa wa kwetu.

Hilo la kutojua ndilo linaloniuma. Nilimjua Mnyampala kwa jina nikiwa chuo cha ualimu. Kwamba alitoka Ihumwa, mahali nilipopita mara nyingi nikiwa juu ya lori la mahindi, nililijua nikiwa tayari na mvi. Na watu wa bara tumeambiwa mara ngapi kwamba ushairi wa Kiswahili ni wa pwani, sisi ni wakaribishwa? Kwa miaka yote niliyopita kwenye barabara ya Morogoro sijaona kibao kinachomwambia msafiri kwamba mshairi yule alitoka hapa. Leo Mji wa Serikali uko Mtumba, jirani na Ihumwa, na magari hayakatiki usiku wala mchana. Hakuna mahali pafaapo zaidi.

Basi nilijaribu kumwandikia kibao. Kwa kuwa ni mshairi, nilianza kwa ubeti:

Mpita njia simama, usome jina la mtu,
Kiswahili alisoma, akakifanya cha kwetu,
Kwa tungo zenye hekima, zilizofunza wenzetu,
Bara nayo ilisema, kwa kalamu na kwa utu.

Niliuhesabu mizani, ukakaa sawa. Vina vikaitika. Nikajipongeza kwa kikombe cha chai. Jioni nikausoma tena kwa jicho la msafiri, nikaona nimefanya kosa lilelile ninalowalaumu wengine. Ubeti unamwambia mpita njia asome jina la mtu, halafu jina lenyewe halimo. Mwaka haumo. Kazi hazimo. Sauti nzuri imeshika nafasi ya habari, kama vile tarakimu inavyoshika nafasi ya mjenzi. Malenga nao wana namna yao ya kumficha mtenda, nasi tuikiri. Nikauweka ubeti pembeni, ufae kwa nyuma ya jiwe, na kwa upande wa mbele nikaandika hivi:

"Mathias E. Mnyampala, 1917–1969. Mwana wa Ihumwa, hakimu na mshairi. Aliandika kwa Kiswahili historia ya Wagogo, akatunga diwani na tenzi. Aliikuza ngonjera, na wanafunzi wa Tanzania nzima wakaighani."

Maneno hayafiki thelathini. Kila kitenzi kina mwenyewe. Mtaniambia kama mnaweza kulifupisha zaidi bila kumpoteza mtu, nami nitafurahi kushindwa. Na katika kushindwa huko nitajua nimeshindwa na nani.

Nirudi kwa yule mtendaji na kibao chake, maana nilikuwa bado sijamjibu. Kulikuwa na sentensi moja niliyoikwepa: "Watu walihamishiwa hapa." Niliikwepa kwa sababu mimi ni mmoja wa watu hao, ingawa si katika kijiji kile. Operesheni Dodoma ilipokuja, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Serikali ilitaka kaya zilizotawanyika zikae pamoja, zipate shule, zahanati na maji. Nakumbuka baba akizing'oa nguzo za tembe letu moja moja, maana miti ya kujengea haikuwa rahisi kupatikana, na mama akifunga mbegu za uwele katika kipande cha kaniki. Udongo wa dari ulianguka, tukaona anga ndani ya chumba tulichozaliwa. Bibi yangu alikataa kupanda lori. Alitembea kwa miguu nyuma yetu, akafika siku ya pili, akakaa chini ya mbuyu na hakusema neno hadi jioni.

Katika kijiji kipya shule ilikuwa karibu. Bila shule hiyo nisingekuwa mwalimu, na msingesoma maneno haya. Kwa hiyo sina wimbo mmoja wa kuimba juu ya jambo hilo, nina nyimbo mbili, na zote ni za kweli. Nilichokataa ni kuziacha zote mbili zimezwe na silabi moja, -wa. Waliopanga walikuwepo. Waliobeba nguzo walikuwepo. Aliyetembea kwa miguu alikuwepo.

Nilimpigia simu mwanafunzi wangu. Nikamwuliza, "Kisima nani alikichimba?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, hilo sijui. Itabidi niwaulize wazee." Nikamwambia aulize, na asiniletee maandishi mpaka apate majibu. Nikamtania kwamba yeye ni mtendaji, haifai kuandika kwa kauli ya kutendwa. Alicheka. Siku ya tisa alinipigia mwenyewe. Wazee walikuwa wamebishana alasiri nzima, na mwishoni walikubaliana kwamba wanawake ndio walioanza kuchimba kisima, kwa majembe ya mkono, kabla wanaume hawajaja kukiongezea kina. Hakuna aliyewahi kuliandika jambo hilo popote.

Kibao kilichokwenda kwa fundi kinasomeka hivi:

"Vibarua Waafrika waliijenga reli hii kwa amri ya Wajerumani. Mwaka 1971 Serikali ilizihamishia hapa kaya zilizokuwa zimetawanyika. Wanawake wa kijiji walianza kuchimba kisima kwa majembe, wanaume wakakimalizia. Wanakijiji walifyatua matofali ya shule."

Neno "maendeleo" nililifuta. Mwenye macho atayaona mwenyewe, kama yapo.

Nawaomba, wenzangu, kila mmoja pale alipo, akakisome kibao kilicho karibu naye. Akitafute kitenzi, akiulize mwenyewe ni nani. Na kijiji, shule au parokia ikitaka kusimamisha kibao kipya, msisubiri kuombwa kusahihisha tahajia. Jitokezeni mapema, mkiwa na kalamu na swali moja la darasa la tano: nani alifanya?